Mayai Yasiyo na Asante

Norrsjö, Jämtland
17 Januari 1988

Shangazi Kjersti,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba upepo wa huko kusini Skåne umeliacha paa mahali pake. Sisi huku kaskazini hatujambo. Theluji imefika kwenye madirisha ya jikoni, na Halvar, mume wangu, kila asubuhi anachimba njia ya kwenda zizini. Mguu alioumia msituni umepona. Ng'ombe wetu mmoja amezaa pacha, na mmoja wa hao ndama tunamnywesha kwa chupa hapahapa ninapoandika, kwa hiyo uniwie radhi kwa madoa ya maziwa.

Najua utashangaa kupata barua yangu. Mara ya mwisho uliponiona nilikuwa mtoto wa kubebwa, na nimeambiwa nililia mpaka nikakauka sauti kwa sababu jogoo wako alinidonoa. Ndiyo maana sitazunguka. Nimesikia bado unafuga kuku wa maua wa marehemu bibi, wale wenye ncha nyeupe kwenye kila unyoya kama walioangukiwa na maua ya mtufaha. Wanasema katika vijiji vya jirani wamekwisha kabisa, kila mtu anafuga kuku weupe wa kisasa, na kundi lako ndilo la mwisho. Ningependa kununua mayai ya kutamisha baridi ikipungua. Taja bei yako, sitabishana.

Na jambo moja dogo, usilichukulie vibaya. Kuna kuku wa aina nyingine aliyewahi kuingia uani kwako? Nauliza tu kwa sababu nataka wa asili, wasiochanganyika.

Mpwa wako,
Tyra

Skyllaröd, Skåne
20 Februari 1988

Tyra,

Marahaba. Mimi ni mzima kwa kiasi cha umri wangu. Nyonga inauma mvua ikikaribia, na hapa mvua inakaribia kila siku. Jirani yangu Elna amefiwa na paka na amelia kuliko alivyomlilia mumewe. Bahari ya ukungu imekaa mashambani, huoni hata kanisa.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, maana ina matundu. Umenipa habari za theluji, za mguu wa mume, za ndama mpaka chupa yake. Baba yako, ambaye ni kaka yangu na sina mwingine, hukumtaja hata kwa herufi moja. Haya, na mimi simuulizi.

Umesikia. Umesikia kwa nani? Mwezi wa Novemba alikuja hapa bwana mmoja wa mjini, koti la ngozi, kamera shingoni, akitaka jogoo wangu kwa ajili ya maonyesho. Aliwashika kuku miguu na kuwaning'iniza kama soksi zilizofuliwa. Akawachagua wazuri na kusema hawa wengine ni wa supu. Nilimfungulia mbwa. Sasa Krismasi imepita tu, na mpwa ambaye hajawahi kuniandikia hata kadi anataka mayai ya kuku haohao, kwa bei yoyote, tena hatabishana. Usinifanye mtoto mdogo.

Mayai ya kutamisha hayauzwi. Huko kwenu sijui, lakini hapa Skyllaröd yanabadilishwa, yai kwa yai, na ilikuwa hivyo kabla ya mimi kuzaliwa. Nitakutumia kumi. Wewe utarudisha kumi ya kuku wako katika sanduku lilelile. Ni mwaka huu tu, mwakani usiandike. Sababu ni yangu.

Kuhusu aina nyingine, mimi sijawahi kununua kuku mgeni. Hilo ndilo jibu langu.

Kjersti Månsson

Norrsjö
29 Machi 1988

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Hapa hatujambo sote. Ndama wa chupa ameanza kula nyasi kavu na sasa anakataa kutoka jikoni. Theluji inalainika mchana na kuganda tena jioni. Halvar ameanguka kwenye ngazi lakini ameumia heshima tu.

Mayai yamefika! Asante sana, shangazi. Yote mazima, hakuna hata moja lililopata ufa, na ulivyoyafunga kwa pumba na magazeti ni kazi ya mtu mwenye upendo. Asante tena. Nimeyaweka chini ya kuku aliyekuwa tayari kutamia na sasa tunatembea kwa vidole asishtuke. Katika sanduku utakuta mayai yangu kumi kama tulivyopatana.

Huyo bwana wa koti la ngozi simjui, naapa. Habari za kuku wako nimezisikia kwa watu, ndivyo habari zinavyosafiri. Ila na mimi nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Nimeuliza kama kuku mgeni amewahi kuingia, nawe umejibu kwamba hujawahi kununua. Sidhani kama umelichagua neno hilo kwa bahati mbaya.

Asante kwa mara nyingine, na Mungu akuzidishie.

Tyra wako

Skyllaröd
6 Aprili 1988

Tyra,

Marahaba. Mimi mzima, kuku wazima, Elna ana paka mpya.

Mayai yako nimeyapata. Yote ya ukubwa mmoja, meupe, masafi kama watoto wa kupelekwa kubatizwa. Moja lina alama ya wino wa duka iliyosuguliwa kwa siki, na aliyesugua alichoka kabla ya kumaliza. Wewe huna kuku, Tyra. Hata mmoja huna. Basi niambie, mayai yangu yamekaa chini ya nani?

Na umenishukuru. Tena si mara moja, umejaza ukurasa mzima kwa asante. Hapa mtoto anayejifunza kutembea anajua kwamba mche, mbegu na yai la kutamisha havishukuriwi. Ukishukuru umefunga hesabu, na kitu kilichofungwa hakikui. Unapokea, unasema leo kuna upepo, unaondoka. Ama baba yako hakukufundisha, ama alikufundisha ukasahau, ama kuna mtu mwingine kabisa anayeandika kwa jina la Tyra.

Usinililie yasipoangua.

Kjersti Månsson

Norrsjö
24 Aprili 1988

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini nyonga imekupa nafuu. Hapa barafu ziwani inapasuka.

Ni kweli sina kuku. Huyo anayetamia nimemwazima kwa jirani, na mayai niliyokutumia nilinunua dukani kwa sababu niliona haya kukuambia. Hilo ni kosa langu na nimelikubali. Sasa na wewe kubali lako.

Mayai yako yote kumi yalikuwa matupu. Halvar ameyamulika kwa tochi moja baada ya jingine na hakuna hata mshipa. Jirani mwenye kuku, ambaye amefuga tangu ujana wake, anasema mayai ya namna hii ameshayaona. Kuna wafugaji wanayachovya kidogo kwenye maji ya moto kabla ya kuyatuma, ili mtu asipate mbegu ya kuku wao. Sisemi umefanya hivyo. Nakuambia alivyosema jirani. Lakini usiniletee hadithi za asante. Asante haiui kifaranga ndani ya yai.

Au kosa liko kwenye damu? Yule jogoo mweupe aliyekaa uani kwenu, mayai ya siku zile yaliharibiwa yote kweli? Hata ya yule kuku aliyejificha nyuma ya ghala?

Hili si jambo la mchezo kwangu. Nahitaji kuku hawa wazaliwe hapa msimu huu. Usiniulize kwa nini.

Tyra

Skyllaröd
2 Mei 1988

Tyra,

Salamu zimo humu, zitafute mwenyewe.

Nani amekuambia habari ya kuku aliyejificha nyuma ya ghala?

Jogoo mweupe kijiji kizima kilimjua. Mwaka ule mama alipoanza kuugua, kaka yangu Agne alikwenda kusikiliza mtaalamu wa kilimo, akarudi na jogoo mweupe kwenye kikapu. Akasema kuku wa mama ni aibu, wanataga kidogo, wana rangi za ovyo, na baada ya mwaka mmoja tutakuwa na kundi jeupe kama la watu wa maana. Alimwachia uani bila kuuliza mtu. Mama alikuwa kitandani akimsikia yule jogoo akiwika kwa sauti ngeni, na alilia. Siku ya wageni nilimnyonga jogoo huyo na kumweka mezani, katikati ya keki na vikombe vya kahawa, mbele ya huyo mtaalamu na mkewe. Agne akasema nimemvua nguo hadharani. Nikamwambia yeye amemvua mama. Akafunga mzigo, wewe ukiwa bado wa kubebwa. Hajarudi, hata kumzika mama hakurudi.

Hayo kila mtu aliyajua. Lakini asubuhi aliyoondoka, mimi nilikuwa nyuma ya ghala nikiyavunja mayai ya kuku aliyejificha, yasije yakaangua damu ya yule mweupe. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye matope. Agne akapita na sanduku lake, akaniona, akaendelea na njia yake. Hapakuwa na mwingine. Mimi sikumwambia mtu, wala wewe sijakuambia.

Basi yuko hapo. Amekaa karibu nawe sasa hivi na maneno ni yake. Alisema kuku wa mama ni takataka, leo anawaomba kwa mdomo wa binti yake. Na mimi nilidhani najihadhari na koti la ngozi.

Mayai kuyachovya kwenye maji ya moto? Heri nichovye mkono wangu. Yamesafiri kwa treni siku nzima na usiku kucha mpaka kwenye baridi yenu, halafu yakapokewa kwa asante. Chagua sababu unayoitaka.

Nitakuambia na sababu yangu, maana nimechoka kuificha. Mwezi wa Septemba nahamia nyumba ya wazee. Nyonga haibebi tena ndoo. Nyumba imepata mnunuzi, anataka kuweka farasi, na kuku amesema hawataki. Nimetafuta mtu wa kuwachukua wote, wazuri kwa wabaya, na sijapata. Koti la ngozi atachukua warembo na kuwapika wengine, na kuku wa maua wakichaguliwa hivyo, baada ya miaka michache si kuku wa mama tena, ni mapambo. Kwa hiyo nitawachinja mwenyewe.

Zamani hapa, aliyeshindwa kubadilishana aliiba. Mayai ya wizi ndiyo yaliyoangua vizuri kuliko yote, kwa sababu hayakuwa na wa kushukuriwa. Mama alikuwa akimwona mke wa fundi viatu anapita uani aproni imevimba, naye mama anageukia sufuria yake na kukoroga. Lakini huyo alikuwa jirani, mwenye miguu mizuri na roho ngumu.

Kwa mkono wangu Agne hapati hata ganda. Msomee kwa sauti.

Kjersti

Norrsjö
13 Mei 1988

Shangazi,

Shikamoo. Leo nakuandikia bila kuulizwa na mtu na bila kuelekezwa na mtu.

Ndiyo, baba yuko hapa. Mama alifariki mwaka jana majani yalipokuwa yanaanguka, na tangu hapo baba anaishi nasi. Alikaa dirishani miezi yote ya giza. Anakula vijiko vitatu anasukuma sahani. Daktari anasema moyo umechoka. Kitu pekee alichokuwa anazungumza ni kuku wa bibi, huyu alikuwa na rangi hii, yule alitaga chini ya mkokoteni. Nilipomwambia nitakuandikia alikataa. Kisha akasema andika, lakini usinitaje, akijua ni mimi atachoma barua. Nilifikiri wakizaliwa hapa atapata sababu ya kuamka. Ndiyo hiyo niliyokukataza kuuliza.

Barua yako nimemsomea. Kuna mistari nilitaka kuiruka, akaniambia rudi, umeruka kitu. Kesho yake akanyoa ndevu. Akapiga viatu rangi. Juzi akasema anakwenda mjini Östersund kwa daktari wa macho, na akachukua sanduku la kofia la marehemu mama, amelijaza sufi ya kondoo. Nikamuuliza sufi ya nini, akasema kule kuna baridi.

Nimempigia daktari wa macho. Hana miadi na mtu anayeitwa Agne, na baba hajarudi. Halvar anasema nisubiri. Mimi siwezi kusubiri, moyo wake ni mbovu na hajasafiri peke yake kwa miaka. Sijui barua hii itamtangulia au atatangulia yeye. Shangazi, kama ana nia ninayoidhania, usimfungulie mbwa.

Tyra

Skyllaröd
17 Mei 1988

Tyra,

Marahaba. Tulia kwanza, mzee yuko hai. Au alikuwa hai Jumapili.

Jumapili watu wote huwa kanisani, na mimi huwa kanisani. Kila mtu aliyezaliwa hapa anajua hivyo. Ila siku hizi nyonga haikai kwenye benchi la kanisa, na hilo mtu wa mbali hawezi kulijua. Nilikuwa jikoni nikimenya viazi. Nikaona mwizi anapita nyuma, pale ua wa miti ulipolegea.

Amekuwa mdogo, Tyra. Nilikuwa nimemweka kichwani mtu mrefu, na kwa miaka yote nimekasirika na mtu mrefu. Huyu alikwama kwenye matawi, akachana suruali, akasimama kupumua na mkono kifuani. Mbwa alibweka mara moja, akamnusa, akalala. Mbwa mpumbavu.

Alikaa bandani muda mrefu mno kwa mtu anayeiba. Nilimsikia akiongea na kuku. Maneno sikuyapata, na sitakuambia kwamba nilifungua dirisha ili niyapate. Alitoka na sanduku amelifungia ndani ya koti, amelishika kama mama aliyetoka hospitali na mtoto. Kisha akasimama katikati ya uwanja akaliangalia dirisha la jikoni. Nikarudi nyuma ya pazia. Ningetoka ingebidi aseme kitu, na mimi ingebidi nijibu, na tungesimama pale mpaka mayai yapoe.

Nimekasirika. Usidhani sijakasirika. Nimekwenda bandani baadaye na nimeona amechukua ya wote, ya yule mrembo na ya yule wa rangi ya matope ambaye koti la ngozi alimwita wa supu. Hakuchagua. Sijui kama ni akili au ni macho mabaya, maana hata daktari wa macho hakumwona.

Polisi sijawaambia.

Kjersti

Norrsjö
12 Juni 1988

Shangazi,

Shikamoo. Tumshukuru Mungu, yeye anashukuriwa.

Alirudi salama, suruali imechanika kama ulivyosema. Nilimuuliza mayai yametoka wapi, akasema ameyaokota. Kwenye treni alilipakata sanduku njia nzima, na kondakta aliyetaka kuliweka juu alipata maneno. Kuku wa jirani aliyakubali mayai papo hapo. Vifaranga wanane wametoka, shangazi, kila mmoja na rangi yake, na mmoja ni wa rangi ya matope. Baba anakula kifungua kinywa bandani ili wasiwe wapweke. Jana ameniomba mkate zaidi.

Nakuambia na la pili, maana sitaki tena barua zenye matundu. Jirani anasema hawa wote ni ndugu, na kundi la ndugu watupu halifiki mbali. Anahitajika jogoo mkubwa kutoka kundi la nyumbani, na kuku wako wengine, kabla ya Septemba. Bila hivyo wataishia hapa kama watakavyoishia huko. Halvar ameshaanza kujenga banda kubwa, la kuwatosha wazuri na wabaya. Nimemwambia baba akuandikie. Amekataa. Anasema wewe hutaki kusema naye, na una haki. Nikamwambia basi nenda tena kama ulivyokwenda, akasema wizi mmoja unamtosha mzee.

Sijui nifanyeje.

Tyra

Skyllaröd
26 Juni 1988

Mwanangu Tyra,

Marahaba, na wewe na Halvar na banda lake. Sikukuu ya kiangazi imepita, tumekula viazi vipya na samaki wa chumvi kwa Elna, na paka wake mpya amekula samaki wangu. Koti la ngozi alirudi na maua ya kununua dukani. Nimeyapokea, nimemshukuru sana, nikafunga mlango.

Kuku watasubiri. Nimemwambia mnunuzi wa farasi kwamba mpaka Septemba uwanja ni wangu, na akitaka kubishana aje abishane na jogoo.

Huyo jogoo ndiye tatizo. Posta hawampokei, nimeuliza. Kwa wizi pia hatoki, maana akishikwa na mtu asiyemzoea anapiga makelele mpaka kwa mchungaji. Na kuku kumi na kitu hawaingii kwenye sanduku la kofia. Itabidi aje mtu na gari la Halvar, mchana, kila mtu akiona, na itabidi nimshikie mimi mwenyewe huyo jogoo mabawa wakati yeye anafunga miguu. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mama alitufundisha wote wawili.

Huko nyuma ua nimeuziba. Lango la mbele liko wazi. Mwambie aje, na safari hii apige hodi.

Shangazi yako